Mwalimu uko peke yako na umepangwa Dar: mambo ya kuzingatia kabla hujalipa kodi ya chumba

Barua ya kupangiwa kituo ikishatoka wengi wetu cha kwanza tunampigia ndugu aliyeko Dar tumuulize vyumba vinaendaje, na mimi nilifanya hivyohivyo. Ila sa hivi mwalimu mgeni akiniuliza namwambia bei ya chumba isubiri kwanza, aniambie shule iko wapi na atafikaje pale saa 12 na nusu asubuhi mvua inanyesha na yeye ndo mwalimu wa zamu. Mwenye familia au anayekaa na wenzie kuna vitu wanagawana, mmoja yuko kazini mwingine anakinga maji, mmoja akiugua mwingine anakimbia duka la dawa. Wewe uko mwenyewe, kila usumbufu wa mahali unapokaa unakuangukia wewe na siku inayofuata unatakiwa uingie darasani.

Anza kwa kusoma barua vizuri. Watu wanasema nimepangwa Dar kumbe ni Mkuranga, Kisarawe, Kibaha au Bagamoyo, na hizo zote ni mkoa wa Pwani hata kama daladala zinaunganisha. Hata ndani ya Dar yenyewe ukisikia Ilala usidhani ni Kariakoo tu, Ilala inafika mpaka Chanika na Msongola huko, na Kinondoni inapanda mpaka Mabwepande. Jua kata, jua kituo cha daladala cha karibu na shule, hapo ndo umtafute dalali.

Sasa foleni, na hapa naomba unisikilize vizuri maana ndo inamaliza walimu. Barabara kubwa za kuingilia mjini ni nne, Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa Road, na asubuhi watu wote wanaelekea upande mmoja, mjini. Kama shule yako iko pembeni ya jiji kaa upande wa ndani kidogo ili asubuhi uende kinyume na watu. Yaani unakaa Mbagala unafundisha Vikindu au Mkuranga, unakaa Gongo la Mboto unafundisha Chanika, unakaa Kibamba unafundisha Kibaha. Unapata siti, unaweza hata kusahihisha madaftari matano njiani. Shida yake ni moja, gari inayoenda kinyume na watu haina abiria kwa hiyo konda anavizia kila kituo, hesabu na hizo dakika. Ila ukifanya kinyume chake, unakaa Chanika kwa sababu vyumba ni nafuu alafu unafundisha Upanga katikati ya jiji, utakuwa unaamka saa 10 usiku kila siku ya Mungu, na ukifika kipindi cha kwanza umeshachoka na watoto wanaona. Kimara kuna mwendokasi tangu 2016 na inasaidia kweli, ila asubuhi pale kupanda ni kusukumana, kwa hiyo kukaa karibu na kituo hakumaanishi utawahi. Kigamboni nayo, daraja lipo tangu 2016 na kivuko kipo, ila kama unafundisha Kigamboni kaa hukohuko, usijiwekee bahari katikati yako na kazi.

Alafu kuna kutoka kituoni mpaka nyumbani, hapa watu wengi wanadanganyika. Dalali anakwambia ni hapo tu bodaboda buku. Sawa, buku kwenda na buku kurudi ni 2,000, kwa siku 22 za kazi ni 44,000. Kama chumba cha huko ndani umekipata kwa elfu 50 wakati cha karibu na barabara ni elfu 80, umeokoa elfu 30 ukaipeleka elfu 44 kwa boda, na bado siku ya mvua buku inageuka buku mbili. Na kutembea kunategemea njia ikoje, maana saa 11 na nusu alfajiri Dar bado giza na saa 1 jioni giza limeshaingia. Pita hiyo njia mwenyewe alfajiri kabla hujalipa. Mimi siku hizi nikienda kuangalia chumba naenda mara mbili, mara moja mchana na dalali, mara nyingine mwenyewe bila kumwambia mtu, nasimama kituoni na saa nione gari ya kuelekea shule inakuja baada ya dakika ngapi.

Mvua nitaeleza kwa yaliyonikuta. Nilipanga mwezi wa 8, jua kali, vumbi, nyuma ya nyumba kuna kakorongo kana majani tu, mbuzi wanakula. Chumba kilinipendeza maana ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya, ila rangi mpya ilikuwa imeishia magotini, huko juu ile ya zamani. Nikasema ni urembo, kuna watu wanapenda chini kuwe na rangi tofauti. Mwezi wa 4 masika ikaja, saa 8 usiku nikashusha mguu nikakanyaga maji, yakapanda mpaka pale rangi inapoishia, palepale kabisa. Nikashika madaftari ya Form Two na godoro nikapandisha juu ya meza, mpaka asubuhi nimesimama. Nilivyohama mwenye nyumba hakunirudishia hata mwezi mmoja katika miezi iliyobaki. Kwa hiyo angalia kuta, chini kabisa, nyuma ya mlango, nyuma ya kabati, tafuta mstari wa maji. Muulize muuza genge mlangoni maji huwa yanafika wapi, usimuulize mwenye nyumba. Mafuriko ya Desemba 2011 ndo yalifanya serikali ihamishe watu wa bonde la Msimbazi kuwapeleka Mabwepande, na mpaka leo mabondeni kuna vyumba vinapangishwa, ni vya bei nafuu kwa sababu hiyo.

Maji ya kutumia nayo. Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, mengi yanatoka mto Ruvu na mwaka 2022 mto ulivyopungua jiji zima tuliishi kwa mgao. Usiulize kama maji yapo, uliza yanatoka siku gani na saa ngapi, maana yakitoka saa 4 asubuhi wewe uko ubaoni, nani atakukingia? Nyumba yenye simtank ya wote inamfaa mtu wa peke yake kuliko nyumba yenye bomba zuri. Kama ni kisima nenda na kipande cha sabuni unawe mikono hapohapo, ikikataa kutoa povu ujue ni ya chumvi, na maji ya kunywa na chai utakuwa unanunua kwa dumu.

Hela sasa. Wenye nyumba wengi wanataka miezi 6, wengine mwaka, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Chumba cha elfu 70 maana yake ni 420,000 na 70,000 ya dalali, laki 4 na 90 hujanunua hata ndoo. Na usipige hesabu kwa mshahara ulioandikwa, piga kwa unaobaki. Bodi ya mikopo 15% ya basic (mshahara wa msingi) kama ulikopeshwa chuo, PSSSF ya pensheni 5%, bima ya afya 3%, chama cha walimu 2%, hiyo ni robo ya basic imeondoka na kodi ya serikali haijaguswa. Mshahara wa kwanza nao unaweza kuchelewa. Kama una ndugu wa kukaa kwake mwezi mmoja kaa, chumba utakitafuta vizuri ukiwa unaijua njia. Ukilipa andikishianeni, na serikali ya mtaa ijue, utaenda tu kule kwa ajili ya barua ya utambulisho.

LUKU ya kushea, yaani mita moja ya umeme kwa nyumba nzima, inawaumiza sana wa peke yao. Una taa, simu na feni, mwenzio ana friji na watoto wanne, alafu mchango mnagawana kwa vyumba. Tafuta penye submita, mita ndogo ya kila chumba.

Kukaa karibu na shule kunaokoa muda ila wazazi watakugongea Jumapili, na kila anayekutembelea ataonekana. Mimi napenda umbali wa dakika 20 au 30 kwa mguu. Kaka zangu ambao hamjaoa, hili lisiwe utani, usipange mahali ambapo mwanafunzi wa kike atakuwa analeta madaftari chumbani kwako, hata kwa nia njema, ayalete darasani au stafu, ofisi ya walimu. Sheria ya elimu ilivyorekebishwa 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni miaka 30 jela, na maneno tu ya mtaani yanatosha kukuharibia kazi kabla ukweli haujajulikana.

Jirani mwangalie kama unavyoangalia bati. Kaa dakika kumi uani usikie watu wanaongeaje. Mimi ufunguo wa akiba nimemwachia bibi wa chumba cha mbele, tulianza na salamu tu na kuazimana ungo. Niliposhikwa na malaria nikashindwa kuamka yeye ndo alifungua, ila simu yangu ilikuwa na lock, akabaki ameishika hajui ampigie nani, akatembea mwenyewe mpaka shuleni na jua lile kuwaambia. Toka siku ile namba ya mkuu wa shule na ya dada yangu nimeziandika kwa marker kwenye karatasi, nimebandika nyuma ya mlango.