Jinsi ya kusikiliza ITMA, komedi ya redio ya Waingereza wakati wa vita, bila kupotea njiani

Wengi wakiweka ITMA (kifupi cha It's That Man Again, yaani Ni Yule Mtu Tena) mara ya kwanza wanazima dakika ya tano, eti Kiingereza kinakimbia na utani wenyewe ni wa zamani mno, na mi naona wanakosa kitu kikubwa sana maana hiki kipindi cha BBC ndo kiliwachekesha Waingereza Vita ya Pili ya Dunia nzima.

Kwanza, usianze na utani, anza na mlango. Ted Kavanagh, mtunzi, alikipanga hivi: Tommy Handley, mchekeshaji mkuu, yuko katikati anaongea haraka haraka, mlango unafunguliwa, mtu anaingia na msemo wake uleule wa wiki iliyopita, anatoka, mlango unafungwa, kabla hujakaa sawa mwingine huyo kaingia. Kwa hiyo shika karatasi, kila mlango ukisikika weka alama na pembeni andika sauti ya aliyeingia, nzito, ya puani, ya kilevi, maneno yaache kwanza. Ukifika kipindi cha tatu utakuwa unawajua. Ukisikia ndoo inagongagonga huyo ni Mrs Mopp, mama wa usafi, anauliza kama bosi yuko tayari afanyiwe sasa hivi, yeye anamaanisha kusafishiwa ofisi lakini sentensi inasikika vingine kabisa na hapo ukumbi mzima unalipuka. Akiondoka anataja herufi nne tu, TTFN, kifupi cha ta-ta for now, yaani kwaheri kwa sasa.

Kwa Kanali Chinstrap, yule mlevi, sikiliza maneno ya mwisho kabla hajajibu. Chochote kinachofanana na jina la kinywaji kwake ni karibisho, na jibu lake ni kwamba hatakataa. Hapo rudisha nyuma hata mara tatu, utani uko kwenye mlio wa neno.

Sasa Funf, huyu nampenda kuliko wote. Ni jasusi wa Kijerumani, jina lake ni tano kwa Kijerumani, kazi yake kupiga simu na kutoa vitisho. Sauti ni ya mwigizaji Jack Train akiongelea ndani ya glasi tupu. Jaribu nyumbani, chukua glasi ya maji isiyo na kitu, isogeze mdomoni kwa ubavu bila kuuziba, ongea polepole na kwa sauti ya chini, utasikia inageuka kama ya simu inayotoka mbali sana. Afu fikiria umekaa gizani 1940, taa zote zimezimwa ndege zisione mji, na yule jasusi unayemuogopa unamsikia hivyo, kwenye glasi. Watu walikuwa wanapigiana simu wakijifanya Funf.

Kingine, angalia tarehe kabla ya kubonyeza. Vita ilipoanza kitengo cha burudani cha BBC kilihamishwa London kwenda Bristol, mabomu yakafika na huko wakapelekwa Bangor, Wales, 1941. Vile vya kuanzia Septemba 1939, vita ilipoanza, Handley ni waziri wa kubuni wa Kero na Mafumbo, utani wote ni wa serikali na makaratasi yake, ukijua hilo nusu ya sentensi zinafunguka zenyewe.

Vya baada ya vita sikiliza mwisho, ukishazoea sauti. Kipindi cha mwisho kilienda hewani tarehe 6 Januari 1949, siku tatu baadae Handley akafariki, na BBC hawakumtafuta mtu wa kukaa pale katikati.