Umeshinda Zawadi Ugenini? Namna ya Kujinasua kwa Wauza Vyumba vya Zamu

Shule zikifungwa, familia nyingi za Tanga hufunga safari. Wapo wanaopanda basi stendi ya Kange, wakavuka mpaka wa Horohoro na kukaa wiki nzima Diani, Kenya. Wapo wanaokwenda Dubai kufuata mzigo, kisha wakajipumzisha siku mbili tatu kabla ya kurudi. Wengine huwafuata watoto wao wanaosoma Uturuki, Afrika Kusini au Hispania. Penye ufukwe na hoteli kubwa, mara nyingi ipo biashara moja ambayo msafiri wa kwetu hajaizoea, na kwa sababu hiyo humnasa kirahisi: kuuziwa wiki ya likizo. Wenyewe huiita taimushea. Hapa tutaiita chumba cha zamu, maana ndivyo kilivyo.

Unalipa pesa nyingi mara moja, unapata haki ya kutumia chumba cha hoteli au kijiji cha mapumziko kwa wiki moja kila mwaka, na wenzako wanachukua wiki zilizobaki. Wiki inaweza kuwa ya tarehe maalumu, inaweza kuwa ya kuelea, yaani tarehe hubadilika ndani ya msimu, na siku hizi wengi huuza pointi badala ya wiki, yaani alama za kulipia siku za kulala. Juu ya bei hiyo kuna ada ya matunzo inayolipwa kila mwaka, uende usiende. Biashara ni halali katika nchi nyingi na wapo walioridhika nayo. Ubaya uko kwenye namna inavyouzwa: kwa mtu aliyechoka, aliye mbali na kwao, anayeambiwa aamue kabla hajainuka kitini. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni moja tu, usiamue lolote ukiwa umekaa kwenye kiti chao.

Mpiga debe wa ufukweni

Anayekusimamisha njiani si muuzaji. Ni mpiga debe, kama yule wa stendi, na hulipwa kwa kila kichwa anachofikisha ofisini. Kazi yake inaisha ukishaingia kwenye teksi, hivyo ahadi yoyote aliyokupa barabarani haimfungi mtu wa ndani. Hili ndilo watu hulitambua wakiwa wamechelewa.

Chambo chake kinachojulikana zaidi ni kadi ya kukwangua, mfano wa vocha ya simu. Mume anapewa yake na mke yake. Ya mume inatoka kapa, ya mke inatoka zawadi kubwa: wiki ya bure hotelini, simu, au pesa taslimu. Mpiga debe anaruka kwa furaha kana kwamba naye hajawahi kuiona. Kadi hizo zimepangwa tangu zilipochapwa. Zawadi lazima uifuate leo hii, mahali fulani, kwa teksi wanayoilipia wao, na kuna "maelezo mafupi ya dakika 90".

Chambo kingine ni dodoso la watalii, kifungua kinywa cha bure, safari ya jangwani au ya boti kwa nusu bei, na simu inayopigwa chumbani kwako ikijitambulisha kama huduma ya wageni. Ukiwa na shaka, uliza swali hili bila kuzunguka: "Ili nipate hiki, nitatakiwa kusikiliza maelezo ya kuuziwa kitu?" Akijibu "ni mafupi tu" au "hulazimiki kununua", umeshajua ulipo.

Angalia pia masharti anayokutajia. Ukisikia kwamba lazima muende mume na mke pamoja, muwe na kipato fulani, na mje na kadi ya benki na pasipoti, hiyo si zawadi. Wanawataka wote wawili ili asiwepo wa kusema "ngoja kwanza nikamuulize mwenzangu", ambacho ndicho kisingizio chenye heshima kuliko vyote na ndicho kinachowaharibia mauzo.

Sisi watu wa pwani tuna udhaifu mmoja hapa: hatuwezi kuacha salamu bila jibu. Wapiga debe wanalijua hilo, na Dubai au Mombasa unaweza kukutana na anayekusemesha Kiswahili safi, "Shikamoo mama, watokea Tanga?" Itikia salamu, ni haki yake. Lakini itikia huku miguu inatembea, sema "asante, hapana," na usitaje hoteli uliyofikia, namba ya chumba wala namba ya simu. Kusimama ndiko kunakofungua mazungumzo.

Ukiamua kwenda

Ushauri wetu ni usiende. Zawadi hiyo unailipia kwa saa za likizo uliyoigharamia mwenyewe. Ila kama mmeshaamua, jiandaeni hivi.

Kuleni kabla ya kutoka. Pasipoti na kadi zote za benki ziacheni kwenye kasha la hoteli. Bebeni nakala ya pasipoti na nauli ya kurudi tu. Wakikataa kuwapokea bila kadi, rudini. Kabla ya kuingia ndani, ombeni masharti ya zawadi kwa maandishi: nani anaitoa, lini, na kuna ada gani ya "usajili" au "kodi". Wiki ya bure mara nyingi haina nauli ndani yake, na tarehe wanazichagua wao. Wekeni kengele ya simu ilie dakika 90 zikitimia. Bila hiyo, dakika 90 hugeuka saa nne au tano, na huo ndio mpango wenyewe, kwa sababu mtu aliyechoka husaini ili aachiwe aende zake. Watoto msiwaache kwenye chumba chao cha michezo. Ukimtaka mwanao utaambiwa anafurahi, kaa kidogo.

La muhimu kuliko yote hayo, mume na mke wakubaliane nje, kabla ya kuingia, kwamba leo hakuna kusaini, hata kitu kiwe kizuri namna gani. Chagueni neno la kuondokea. "Mama Asha, saa ya dawa imefika" linatosha, na likisemwa wote wawili wanasimama pamoja. Mmoja akibaki amekaa, mwenzake naye atarudi kukaa.

Meza, kalamu na bei inayoporomoka

Ndani utakutana na watu watatu kwa zamu. Wa kwanza ni mchangamfu, anauliza habari za watoto na likizo zenu. Swali lake la hatari ni hili: "Kwa mwaka mnatumia kiasi gani kusafiri?" Ukimtajia dola 1,500, anaizidisha mara 20 mbele ya macho yako na kuandika 30,000 kwa herufi kubwa, ili bei yake ionekane nafuu. Usimpe namba yoyote.

Ukikataa, anakuja "meneja". Huyu ana karatasi ya bei. Anaandika 28,000, anaikata kwa wino mwekundu na kuandika 19,500, anaondoka kwenda "kuuliza", anarudi, anakata tena, 12,900, leo tu. Itazame karatasi ile kwa utulivu. Kitu ambacho saa moja tu kimeshuka chini ya nusu ya bei, bei ile ya kwanza haikuwa bei. Wakati huohuo meza ya jirani wanapigiwa makofi na kufunguliwa chupa kwa kuwa "wamenunua". Huna njia ya kujua kama ni wageni kweli.

Wa tatu hukungoja mlangoni, pale unapodhani umemaliza. Anakuja na kifurushi kidogo cha "kujaribu" cha dola elfu moja au mbili. Wengi wanaokwepa wawili wa kwanza humwangukia huyu, kwa sababu ya kuona aibu kukataa mara ya tatu. Jibu ni lilelile: "Nipeni mkataba na bei kwa maandishi, nitausomea kwangu." Anayeuza kwa haki atakupa. Akisema ofa inakufa ukitoka, basi na ife.

Piga hesabu hii kabla ya safari

Chukua mfano wa bei ya dola 15,000. Unatoa kianzio 3,000 na kukopa 12,000 palepale mezani kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 10. Kila mwezi utalipa kama dola 194, na mkopo ukiisha utakuwa umetoa takribani 23,200. Ada ya matunzo ikianza na 800 kwa mwaka na kupanda asilimia 5 kila mwaka, kwa miaka 20 inafika kama 26,450. Jumlisha vyote na kianzio: dola 52,650 hivi. Usiku ulionunua ni 7 mara 20, yaani 140. Kila usiku umekugharimu kama dola 376, na hapo hujahesabu basi la Tanga hadi Dar es Salaam, tiketi ya ndege, wala chakula. Fungua simu uangalie bei ya chumba cha kawaida mji huohuo kwa tarehe hizohizo, kisha ulinganishe.

Kuna na viza. Mkataba wa chumba cha zamu haukupi viza wala haumlazimishi ofisa yeyote wa ubalozi akupe. Ukinunua wiki Hispania na maombi yako ya viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, yakakataliwa, ada ya mwaka ule bado inadaiwa.

Utaambiwa pia kuwa huo ni uwekezaji, utaupangisha, utauuza kwa faida, au kampuni itaununua tena. Kwa kawaida wiki hizi zikiuzwa mkono wa pili hupata sehemu ndogo sana ya bei ya kwanza, na nyingine hazipati mtu hata kwa bure, kwa sababu anayezichukua anachukua na ada yake. Ahadi ya kununua tena, kama haimo kwenye mkataba, haipo. Habari ya kubadilishana wiki na hoteli nyingine duniani ni ya kweli kwa kiasi chake, mitandao kama RCI ipo tangu miaka ya 1970, ila kuna uanachama wa kulipia, kuna ada ya kila mabadilishano, na wiki ya msimu mfu, usio na wageni, haikupi chumba cha Agosti wageni wanapojaa.

Mkataba wenyewe

Soma au usomewe na mtu wako, si mtu wao. Tafuta mambo haya: jina kamili la kampuni na nchi iliyosajiliwa, mkataba ni wa miaka mingapi na unaishaje, nani anapanga ada ya matunzo na kama kuna kikomo cha kupanda, je, deni linarithiwa na watoto, kesi inasikilizwa nchi gani. Kama wiki imetajwa kwa jina la msimu badala ya tarehe, dai tarehe. Hata Makka kumeuzwa haki za namna hii kwenye majengo ya karibu na Haram, na hapo swali la kwanza liwe ni kalenda ipi: wiki ya Ramadhani kwa Hijria husogea kama siku 11 kila mwaka wa kawaida, ile ya kalenda ya kawaida haisogei.

Ukipewa karatasi ya ziada inayosema "ninaacha haki yangu ya kujitoa", usiisaini. Umoja wa Ulaya na jimbo la Florida, Marekani, karatasi hiyo haina nguvu kisheria, lakini itatumika kukutisha.

Umeshasaini? Hesabu siku

Nchi nyingi humpa mnunuzi siku za kujitoa bila kutoa sababu. Umoja wa Ulaya ni siku 14, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea malipo yoyote, hata kianzio. Usipopewa fomu ya kujitoa, muda huo unarefuka hadi mwaka mmoja na siku 14. Uingereza na Uturuki ni siku 14 pia. Florida ni siku 10. Mexico ni siku 5 za kazi. Afrika Kusini ni siku 5 za kazi kama ulifuatwa na muuzaji. Kenya, Sheria ya Kuwalinda Walaji ya mwaka 2012 inaitaja mikataba hii na kutoa nafasi ya kujitoa.

Usingoje kurudi Tanga. Andika barua kwa lugha ya mkataba, fupi tu: jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya mkataba, tarehe uliyosaini, maneno "najitoa kwenye mkataba huu na naomba kurudishiwa malipo yote", tarehe ya leo, saini. Kama mlisaini wawili, wote wasaini. Itume kwa posta ya rejista ukiwa hukohuko, tuma na baruapepe, piga picha barua na risiti ya posta. Ulaya na Florida kinachohesabiwa ni siku uliyotuma, si siku waliyopokea. Kupiga simu peke yake hakutoshi, na "njoo kesho tuzungumze" ni njia ya kukumalizia siku.

Siku hiyohiyo ifungie kadi kwenye programu ya benki, kisha fungua malalamiko rasmi ya kupinga malipo, ukiambatanisha ile barua. Watu wengi wa kwetu hutumia kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, kwa hiyo pesa ikishatoka, kuirudisha ni kazi. Kinga yake hufanyika kabla ya safari: fungua akaunti ya pili, weka humo pesa ya matumizi ya siku chache tu, na kadi ya akaunti hiyo ndiyo usafiri nayo.

Simu inayokuja baadaye

Miezi kadhaa baadaye, aliyenunua hupigiwa na mtu mwenye taarifa zake zote. "Tumepata mnunuzi wa wiki yako, lipa kwanza kodi ya uhamisho." Au: "Mahakama imekupa fidia, tuma ada ya wakili." Huu ni utapeli wa pili juu ya jeraha la kwanza, na huwapata zaidi wale waliokwisha kuumia. Mnunuzi wa kweli hukatwa gharama kwenye bei, na mahakama haimpigii mtu simu kudai atume pesa kwanza. Usilipe, usitume nakala ya kitambulisho, kata simu. Kama ni ujumbe mfupi kutoka namba ya Tanzania, usambaze kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha uifungie namba hiyo.