Mtoto acheze, mzazi asicheze: nasari na Reception huku England

Kama mwanao yuko nasari iliyo ndani ya shule ya msingi, anavaa sweta yenye nembo ya shule hiyo na mwalimu wake anamwita kwa jina la nyumbani, bado hana nafasi ya kuanza darasa la Reception, yaani mwaka wa kwanza kabisa wa shule ya msingi kabla ya Year 1, hapo hapo. Hana. Rudia kusoma kabla hujaendelea, maana hapo ndipo tulipoumia sisi, na kila mwaka nasikia familia nyingine ya kwetu imeumia vilevile.

Tumezoea kwamba mtoto akishaingia darasa la awali, au PP1 kwa ndugu zetu wa Kenya, anapanda na wenzake mpaka darasa la kwanza. Mwalimu mkuu ana orodha yake, wewe unahangaikia sare na madaftari. Huku nasari ni ombi moja na Reception ni ombi jingine kabisa. La Reception linakwenda kaunsili, yaani halmashauri, ya eneo unaloishi, hata kama shule iko ng'ambo ya barabara na hata kama mtoto ameshinda humo mwaka mzima. Mwisho wa kuomba ni 15 Januari, England yote. Majibu hutoka 16 Aprili.

Tatizo ni kwamba nasari ya huku haikushtui. Hakuna mtihani, hakuna ripoti yenye alama, hakuna kazi za kufanyia nyumbani. Unamfuata mtoto saa tisa, unamkuta ana tope mpaka masikioni, amefurahi, unaambiwa leo alikuwa na siku njema. Nawe unatulia. Mwezi wa Machi nilikuwa nimesimama getini nikasikia akina mama wawili wanaulizana wameomba shule zipi. Nilidhani wanazungumzia watoto wao wakubwa wanaokwenda sekondari. Nilipoingia ofisini kuuliza, niliambiwa tangazo lilibandikwa ubaoni kabla ya Krismasi, na kwamba maombi hayo si kazi ya nasari. Niliambiwa kwa upole sana. Hilo ni jambo moja la Waingereza ambalo sijalizoea: mtu anakueleza kwamba umekosa, huku anakutolea tabasamu na kukusifia mtoto.

Fomu iliyochelewa inaangaliwa baada ya zile zilizofika kwa wakati kugawiwa nafasi. Shule ile ikawa imejaa. Mwanetu akapangiwa shule ya upande wa pili wa mji, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na wenzake wote aliochimba nao udongo wakabaki. Tukakata rufaa, tukashindwa. Kuanzia Reception mpaka Year 2, yaani miaka mitatu ya mwanzo, sheria inataka mwalimu mmoja asiwe na zaidi ya watoto 30, na darasa likishafika hapo, jopo la rufaa lina sababu chache mno za kukuongezea mtoto wa 31. Kulia mbele yao si mojawapo.

Kwa hiyo piga hesabu leo. Mtoto huanza Reception Septemba baada ya kutimiza miaka 4, na mwaka wa shule unakatwa 31 Agosti. Aliyezaliwa Agosti 2023 ataanza Septemba 2027, na maombi yake yanafungwa 15 Januari 2027, akiwa na miaka 3 na miezi 5. Katika umri huo wengi wetu bado tunahangaika na nepi za usiku, wala shule haitupiti akilini. Andika tarehe ukutani. Andika na kwenye simu ya baba yake.

Sasa ushauri wa ndugu. Mjomba atakwambia, "Andika anwani yangu, mimi naishi karibu na shule nzuri." Mjomba ana nia njema, lakini kaunsili inakagua anwani, na ikigundua imedanganywa inaweza kumnyang'anya mtoto nafasi. Shangazi wa Tanga atakwambia nenda ukamwone mwalimu mkuu, mzungumze kiutu uzima. Shangazi, shikamoo, lakini kwenye shule za kaunsili huyu mama hana nafasi ya kugawa, na ukimpelekea zawadi mtaanza kutazamana vibaya. Wengine wanasema jaza shule moja tu ili waone umeipania. Usithubutu. Jaza nafasi zote ulizopewa, ambazo ni tatu au zaidi, na sita kama uko London. Ukitaja moja na ukaikosa, utapewa iliyobaki popote. Kwa shule za Kanisa, mara nyingi kuna fomu ya pili inayopelekwa shuleni kwenyewe, na huenda ikahitaji saini ya padri, kwa hiyo usiache kusali mpaka Desemba ndipo ukamtafute.

Hayo ni ya mzazi. Ya mtoto ni mepesi zaidi, ila tunayafanya magumu sisi wenyewe. Bibi yake anapiga video kutoka nyumbani: "Anajua a-e-i-o-u? Anaandika jina?" Ukimwambia leo alichezea maji na mchanga, kimya kinatanda. Lakini mwongozo wa serikali wa malezi ya awali, unaoitwa EYFS, una maeneo saba, na matatu yamewekwa kuwa msingi: kuwasiliana na lugha, ukuaji wa mwili, na hisia pamoja na kuishi na wenzake. Kusoma na hesabu vinafuata. Mtoto anayemimina maji kutoka kikombe kwenda jagi anajifunza kipimo. Anayefinyanga udongo anaimarisha vidole vitakavyoshika kalamu. Anayegombania baiskeli, akafundishwa kungoja zamu, amepata somo ambalo mwalimu wa Reception analitaka kuliko alfabeti. Na sisi tulilipata wapi? Kwenye kombolela, mdako na rede. Hakuna aliyetuita wanafunzi, lakini tulikuwa tunahesabu, tunalenga, tunakubali kushindwa na kurudi mchezoni. Mchezeshe mwanao hayo hayo sebuleni.

Mazoezi ya nyumbani ninayoyasisitiza: avae koti mwenyewe, afungue kisanduku chake cha chakula, aseme "nataka kwenda chooni" kwa Kiingereza hata kama hajui kingine. Na choo chenyewe. Sisi wa kopo la maji tukumbuke kwamba shuleni kuna karatasi tu, na hakuna mtu wa kumsafisha. Mfundishe kabla ya Septemba, maana aibu ya siku ya kwanza inaweza kumfanya ajizuie hadi jioni. Mnunulie na gambuti. Mvua ikinyesha hawawaingizi ndani kama tunavyofanya sisi, wanawatoa nje.

Kiswahili msikiache. Ukisikia mtu anakushauri mzungumze Kiingereza tu nyumbani, mwambie huo huo mwongozo wa EYFS unawataka walezi wampe mtoto nafasi ya kutumia lugha ya kwao katika kucheza na kujifunza. Katika majuma sita ya kwanza ya Reception mwalimu atakaa naye kumpima kidogo. Hakuna kufaulu wala kufeli, kwa hiyo usimkaririshe.

Nchi hii nayo ina kigeugeu. Inasifia michezo, ilikuwa na nasari ya kuchezea nje, ya akina dada McMillan, kule Deptford, London, tangu 1914, halafu inamweka mtoto wa miaka 4 darasani wakati mwenzake wa Ujerumani anasubiri mpaka 6 na wa Ufini 7. Akifika Year 1, Juni anapimwa kusoma maneno kwa sauti za herufi. Mimi naona wangewaachia udongo wao mwaka mmoja zaidi.

Unaweza kuwaachia kidogo, ila kuna mtego hapo pia. Kisheria mtoto halazimiki kuwa shuleni mpaka muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 5, kwa hiyo unaweza kuomba aanze nusu siku au baadaye katika mwaka. Ila kama amezaliwa kati ya Aprili na Agosti na unataka aanze Reception akiwa na 5, lazima uombe kwa maandishi na ukubaliwe. Ukimweka tu nyumbani mwaka mzima, anaweza kupelekwa moja kwa moja Year 1.

Mengine ni ya kawaida. Saa 15 za nasari za bure kwa wiki, kwa majuma 38 ya mwaka, ni haki ya kila mtoto kuanzia muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 3, hata kama viza yenu haiwaruhusu fedha za umma. Saa 30 ni za wazazi walio kazini, na huko ndiko viza inakoulizwa. Chakula cha mchana shuleni ni bure Reception mpaka Year 2, na kama mnakula halali ulizia mapema. Beba cheti cha kuzaliwa na bili ya kodi ya kaunsili. Walio Scotland na Wales wana taratibu na tarehe zao, waulize kaunsili zao. Na ukishatuma maombi, hakikisha umepata barua pepe ya kuthibitisha kwamba yamepokelewa, kwa sababu fomu iliyojazwa ikaachwa bila kubonyezwa "tuma" inahesabiwa haipo.