Springi kwanza, oili baadaye: kupanga shokapu za pikapu ya rimoti

Mpwa wangu yuko Arusha. Kanunua Slash ya Traxxas, pikapu ya rimoti, ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na swali lake la kwanza kwangu lilikuwa: "Shikamoo mjomba, kwenye shokapu niweke oili namba ngapi?" Nikamjibu salamu, kisha nikamuuliza: springi umeshachagua? Mimi riziki yangu ni miguu ya magari hapa Buguruni, Dar, shokapu za daladala na pikapu, na jioni burudani yangu ni hayo hayo kwa udogo wake. Kwa magari yote, makubwa na madogo, mpangilio ni mmoja. Springi ndiyo inayobeba gari. Oili inaituliza springi isiendelee kuchezacheza baada ya kubonyea. Sasa utajuaje utulizo unaotakiwa, nawe hujajua nguvu ya hicho unachokituliza?

Kwa hiyo tuanze na springi. Gari liwe kamili kama linavyokimbia: bodi juu, matairi unayotumia, betri ndani. Betri usiisahau, kwa sababu ya seli tatu ina uzito zaidi ya ile ya seli mbili ya ujazo uleule, na shokapu zinaujua uzito huo. Liinue gari kama sentimita kumi, liachie lidondoke kwenye sakafu ya sementi, kisha inama utazame amu za chini, zile zinazotoka kwenye chasisi kwenda kwenye tairi. Kwa pikapu ya kuchezea kwenye vumbi na kuruka matuta, nataka amu ziwe karibu sambamba na sakafu. Zikiinama sana kwenda chini, gari limesimama juu mno na litapinduka kwenye kona. Chasisi ikikaa chini kuliko ncha za nje za amu, itasugua ardhi kila kwenye shimo.

Kimo hicho kinarekebishwa kwa vile vipande vya plastiki vinavyobanwa juu ya springi, au kwa pete ya kuzungusha kama shokapu zako ni za aluminiamu zenye nyuzi. Hapa niwe wazi, maana wengi wanapotezwa: kuongeza vipande hakuifanyi springi kuwa ngumu. Kunainua gari tu. Springi inayotaka gramu 450 ili ibonyee milimita 10 itaendelea kutaka gramu 450 kwa kila milimita 10, iwe umeweka kipande kimoja au vinne. Ukiona umejaza vipande na gari bado limelala, springi ni laini mno kwa uzito huo, tafuta ngumu zaidi. Ukitoa vipande vyote na gari bado liko juu, na ukilibonyeza kwa kidole halitaki kushuka, springi ni ngumu mno. Springi sahihi inaacha nafasi pande zote mbili: gari likiwa limetulia chini, tairi liwe na uwezo wa kushuka zaidi kufuata shimo. Mimi nataka karibu theluthi ya mwendo wa shokapu ibaki kwa ajili ya kushuka huko.

Springi nyingi zinazotufikia hazina maandishi, zina rangi tu, na rangi ya kampuni moja haina uhusiano na rangi ya kampuni nyingine. Zipime mwenyewe. Chukua mizani ya jikoni ya dijitali, simamisha springi juu yake ikiwa imevishwa kwenye kijiti kifupi ili isipinde, weka rula pembeni, kisha ibonyeze kwa kipande cha mbao chenye tundu mpaka ifupike milimita 10. Soma gramu, gawa kwa 10. Ukipata 450, springi yako ni ya gramu 45 kwa milimita. Wauzaji wa nje huandika kwa pauni kwa inchi, na pauni moja kwa inchi ni karibu gramu 18 kwa milimita, kwa hiyo hiyo yako ni kama 2.5. Pima zote ulizonazo, ziandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye vifuko vyake. Utashangaa kuona springi mbili za rangi moja zikitofautiana.

Mtu akikushauri ukate mzunguko mmoja wa springi ili iwe ngumu, usikate. Ni kweli itakuwa ngumu, maana mizunguko ikipungua ugumu unaongezeka, lakini itakuwa fupi na ncha iliyokatwa haitakaa sawa kwenye kikombe chake. Itasukuma fimbo ya shokapu upande, na sili itaanza kuvuja. Ukiwa dukani unalinganisha springi mbili za urefu mmoja, upana mmoja na mizunguko ileile, tazama unene wa waya. Ugumu unakua kwa unene kuzidishwa kwa wenyewe mara nne: waya wa milimita 1.3 badala ya 1.2 unakupa springi ngumu zaidi kwa zaidi ya theluthi. Kwa macho hutauona, beba kalipa, kile kipimo cha unene.

Mbele na nyuma usizichukulie sawa. Slash hii mota yake iko nyuma, na shokapu za nyuma ni ndefu kuliko za mbele, kwa hiyo springi za nyuma haziwezi kuhamia mbele. Gari likikataa kugeuka na kwenda moja kwa moja nje ya kona, lainisha springi za mbele hatua moja. Mkia ukichomoka, lainisha za nyuma. Upande uliolainishwa ndio unaopata mshiko zaidi. Gusa upande mmoja tu, endesha, kisha ndipo uguse mwingine.

Sasa oili, na hapa ndipo jibu la mpwa wangu na langu yanapoachana ingawa gari ni moja.

Kwenye chupa utaona namba za aina mbili. Ya kwanza ni ile yenye herufi wt, kama 30wt. Ya pili ni sentistoki, imeandikwa cSt, kipimo cha uzito wa oili, yaani jinsi inavyogoma kutiririka. Fuata sentistoki. Namba za wt kila kampuni inazipanga inavyotaka. Kwa Team Associated 30wt ni 350 cSt, 35wt ni 425, 40wt ni 500, lakini 30wt ya kampuni nyingine inaweza kuwa nyepesi au nzito kuliko hiyo. Slash hutoka kiwandani na oili ya 30, na hapo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ila sentistoki hizo hupimwa oili ikiwa kwenye nyuzijoto 25. Oili ya silikoni inavumilia joto kuliko oili ya madini, lakini nayo hubadilika. Ile ya 350, mchana wa Dar ikiwa na nyuzi 35, inashuka kufikia karibu 285. Ipeleke Arusha asubuhi ya Julai yenye nyuzi 15, inapanda mpaka kama 435. Yaani chupa ileile kwangu inafanya kazi kama 25wt na kwa mpwa wangu kama 35wt. Na hiyo ni joto la hewa tu. Shokapu nyeusi iliyokaa juani kwenye mchanga wa Kigamboni inafika nyuzi 50 bila taabu, na hapo zaidi ya theluthi ya uzito wa oili imepotea. Ndiyo maana ushauri wa mtu anayeendesha kwenye baridi ya Ulaya usiuchukue namba kwa namba. Pwani panda hatua moja au mbili, na jaribu gari saa ile ile na mahali pale pale unapoendeshea, siyo sebuleni usiku chini ya feni.

Oili iwe ya silikoni, basi. Fundi pikipiki atakuonyesha oili ya foku, zile shokapu za mbele za pikipiki, na kukuambia ni kitu kilekile. Siyo kitu kilekile. Hiyo ni ya madini, na oringi za silikoni, vile vipete vya kuzuia uvujaji vilivyomo kwenye shokapu ndogo, zikiinywa huvimba, fimbo inakwama, kisha zinavuja. Na oili ya breki usiifikirie kabisa.

Kujaza kunataka subira kuliko ufundi. Simamisha shokapu wima, fimbo imevutwa nje yote, mimina oili mpaka karibu na mdomo. Ipandishe na kuishusha pistoni, kile kisahani chenye matundu kwenye ncha ya ndani ya fimbo, polepole, viputo vitatoka. Iache isimame dakika kumi, jazia. Pistoni ikiwa katikati, funga kifuniko mizunguko michache tu, sukuma fimbo juu taratibu oili ya ziada itoke kwenye nyuzi za kifuniko, ndipo ukaze. Fimbo inapoingia ndani inachukua nafasi, kwa hiyo ukiijaza shokapu pomoni haitafika mwisho wa mwendo wake. Ukisikia sauti ya kukoroma ndani unapoibonyeza, kuna hewa nyingi, rudia. Shika za kushoto na kulia pamoja, zibonyeze kwa mkupuo. Zikirudi kwa kasi tofauti, fungua tena.

Kisha jaribio la kudondosha. Gari kamili, sentimita 25 hadi 30 kutoka sakafuni, likiwa limelala sawa mikononi mwako, liachie. Likishuka, likainuka mara moja hadi kwenye kimo chake na kutulia, umepata. Likiinuka kupita kimo na kuteremka tena, oili ni nyepesi. Likibaki limelala kisha kujivuta juu pole pole, ni nzito. Likidunda, matairi yakaachana na sakafu, tazama pistoni: matundu ni machache au madogo mno, oili haiwahi kupita, shokapu inakuwa kama chuma kitupu. Hapo chukua pistoni yenye matundu zaidi, ndipo uongeze uzito wa oili kurudisha utulizo kwenye mwendo wa taratibu. Kwa anayeruka sana, mchanganyiko huo wa matundu mengi na oili nzito ndio ninaoupenda. Kwa barabara ya vumbi yenye mawimbi madogo madogo, kinyume chake: oili nyepesi, tairi lifuate kila wimbi.

Ukibadilisha springi, rudia jaribio hili. Springi ngumu zaidi inataka oili nzito zaidi.

Yangu kwa sasa, kwa mchana wa Dar, ni 500 mbele na 425 nyuma. Mpwa wangu nimemwambia aanze na 300 pande zote asubuhi za baridi. Na oili ya 425 ikikosekana, changanya ya 350 na ya 500 za kampuni moja nusu kwa nusu, utapata kama 418. Tikisa, iache chupani usiku kucha povu lipotee, kisha tumia.