Kuagiza Polo ya Uingereza ukiwa Dodoma: hatua kwa hatua, na ile iliyonila milioni na laki saba

Ndiyo, ningeweza kununua Toyota IST. Shemeji kaniambia, fundi kaniambia, hadi mlinzi wa getini kazini kaniambia, na hakuna niliyemwuliza. Lakini mimi gari nilijifunzia kwenye Golf ya mjomba, ile ya mlango mzito unaofunga kwa kishindo kimoja, na tangu hapo nikifunga mlango wa gari nyepesi naona kama nafunga debe la maharage. Basi nikaagiza Volkswagen Polo ya milango mitano, injini ya 1.2, gia za mkono, kutoka Uingereza. Imefika. Iko nje hapa Nkuhungu na rangi yake ya asili tayari inaonekana asubuhi tu kabla vumbi halijaamka. Naandika wakati hasira bado ina faida.

Kuchagua

Jambo la TIN, NIDA na akaunti ya benki sitalieleza, hayo unayo. Tuanze na gari.

Uingereza na Japani usukani ni kulia kama kwetu. Ujerumani na Ufaransa ni kushoto. Ukiona Clio ya bei ya kutupa kutoka Ubelgiji, angalia picha ya dashibodi kabla hujampigia mtu simu. Golf na Polo zipo nyingi pia Japani, ila za huko nyingi ni otomatiki, na hapo kuna mtego: ile gia boksi ya DSG ya gia saba yenye klachi kavu. Volkswagen wenyewe waliziita gari zirudi kurekebishwa, kwa mamia ya maelfu, mwaka 2013 kwa ajili yake. Ikianza kutetemeka kwenye foleni, fundi wa mtaani atafungua boneti, atatikisa kichwa, atafunga. Ndiyo maana nilitaka gia za mkono.

Injini nayo ina mwaka wake. Polo za 1.2 TSI za kabla ya 2014 zinatumia taimingi cheni, na cheni hiyo ina sifa ya kulegea. Ukiwasha asubuhi unasikia kama mtu anatikisa sarafu kwenye kopo. Polo iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2014 ikaja na injini mpya ya mkanda. Ukitaka Peugeot, chukua 206 au 207 yenye 1.4 ya kawaida na uikimbie ile 1.6 ya tabo. Fabia ya Skoda ni binamu wa Polo, spea nyingi zinaingiliana, na bei huwa chini kwa sababu jina halina mbwembwe. Ford Fiesta ya lita 1.0 itakuvutia kwa sababu ya kodi (nitaeleza), lakini mkanda wake wa taimingi unazunguka ndani ya oili, ukichakaa vipande vyake vinaziba njia ya oili na injini inakwenda nayo.

Dizeli za zamani zimejaa sokoni Uingereza, tena kwa bei ya huruma. Sababu ni kwamba tangu Agosti 29, 2023 London yote inatoza pauni 12.50 kwa siku kwa gari isiyofikia kiwango cha moshi, na dizeli nyingi za kabla ya 2015 hazifikii. Wao wanaikimbia tozo, wewe unapokea kichujio cha masizi ambacho kwa safari fupi za Area D hadi mjini kitaziba kabla hujamaliza kulipa mkopo.

Baada ya hapo soma MOT, na hili usiliruke. Gari ikifikisha miaka mitatu Uingereza inakaguliwa kila mwaka, na matokeo yako kwenye tovuti ya serikali yao, bure. Unaingiza namba ya gari tu, unaona ilikaguliwa lini, ilifeli nini, na ilikuwa imetembea maili ngapi. Nilimpata Clio mmoja mweupe, msafi, muuzaji anaapa kwamba ni gari ya bibi kizee. MOT ya 2019 inasema maili 71,204. Ya 2020 inasema 58,900. Bibi alikuwa anarudi kinyumenyume kanisani. Kumbuka hizo ni maili. Zidisha kwa 1.6 upate kilomita. Ukikuta neno corrosion linajirudia mwaka hadi mwaka, achana nayo. Kule wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na kutu inaanzia chini, mahali ambapo picha hazifiki.

Mwaka wa kutengenezwa (hapa ndipo nilipopigwa)

TRA wana kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika kwenye tovuti yao. Kila mtu anakijua. Unachagua aina, modeli, mwaka, CC, kinakupa thamani na kodi. Thamani hiyo ni ya kwao. Ankara yako ya pauni mia nane haiwasisimui. Ukitaka gari ambayo modeli yake haimo kwenye orodha, tafuta majibu ya thamani kabla ya kutuma hela, maana ukiagiza kwanza ndipo uulize, unauliza huku gari iko majini.

Hesabu yenyewe ni hii. Ushuru wa forodha asilimia 25 ya thamani pamoja na bima na usafiri hadi Dar. Juu ya jumla hiyo unaweka ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: hadi CC 1000 sifuri, 1001 hadi 2000 asilimia 5, zaidi ya hapo 10. Kisha ushuru wa uchakavu: gari ya miaka 8 hadi 10 asilimia 15, ikizidi 10 asilimia 30. Mwisho VAT asilimia 18 juu ya vyote hivyo, na tozo ndogo ndogo za reli na forodha ambazo majina yake yanabadilika kila bajeti.

Tuseme thamani ni milioni 8. Ushuru wa forodha milioni 2, tumefika 10. Injini laki 5. Uchakavu wa asilimia 15 ni milioni moja na nusu. VAT 2,160,000. Jumla ya kodi 6,160,000. Sasa badilisha kitu kimoja tu, uchakavu uwe asilimia 30: jumla inapanda hadi 7,930,000. Tofauti ni 1,770,000, na kilichoileta ni mwaka mmoja.

Gari yangu ilikuwa na namba ya 15. Namba za Uingereza zina tarakimu mbili za umri: 14 ni Machi hadi Agosti 2014, 64 ni Septemba 2014 hadi Februari 2015, 15 inaanzia Machi 2015. Kadi yao inasema ilisajiliwa mara ya kwanza Machi 2015. Nikajiona mjanja, nikahakiki na chesisi: herufi ya kumi ni F, na F ni 2015. Ushahidi wa pande mbili! Mwaka ulikuwa 2025, kwa hiyo miaka kumi kamili, asilimia 15. Nikamtumia wakala wa forodha, akajibu kwa vidole gumba vitatu.

Cheti cha ukaguzi kilipotoka, kwenye mwaka wa kutengenezwa kimeandikwa 2014.

Nikabisha sana, kwa simu, nikiwa nimesimama nje ya benki pale karibu na Nyerere Square, watu wananigeuzia shingo. Nilikuwa nimekosea mimi. Herufi ya kumi kwa Volkswagen ni mwaka wa modeli, na mwaka wa modeli huanza kiwandani katikati ya mwaka uliotangulia. Gari ilitengenezwa Novemba 2014, ikakaa yadi, ikasajiliwa Machi. TRA wanahesabu kutengenezwa. Miaka kumi na moja.

Unaweza kuligundua hili ukiwa umekaa kitandani. Mwombe muuzaji avute mkanda wa kiti hadi mwisho, apige picha kile kitambaa kidogo kilichoshonwa chini kabisa. Kina tarehe ya kutengenezwa mkanda, na mkanda haufungwi miaka miwili baada ya gari. Apige na maandishi madogo kwenye kona ya kioo. Kama picha zinasema 2014 na kadi inasema 2015, piga hesabu kwa 2014. Muuzaji akikataa kupiga picha ya mkanda, na umekwisha mwomba kwa adabu, hilo nalo ni jibu.

Na sasa unaelewa kishawishi cha Fiesta ya lita 1.0: iko chini ya CC 1000, ile asilimia 5 inafutika. Laki tano na VAT yake unaziokoa, mkanda wa ndani ya oili unazidai baadaye.

Kidogo kuhusu gari za wakubwa

Kila nikitaja kuagiza kutoka Uingereza, kuna mtu kijiweni anasema: kwa hela hiyo si ungechukua Range? Ni kweli, Range Rover ya 2008 au Mercedes S-Class ya umri huo inauzwa kule kwa bei ya kusikitisha. Inauzwa hivyo kwa sababu mwenyewe ameona bei ya kutengeneza mifuko ya hewa ya shokapu. Hapa kwetu itapigwa asilimia 10 ya injini, 30 ya uchakavu, na thamani ya kwenye kikokotoo haijali kwamba wewe uliipata bure. Jamaa yangu mmoja anayo. Jumatatu asubuhi inakuwa imelala chini kama ngamia, anaiwasha, anasubiri inyanyuke, ndipo anakwenda Mtumba, kwenye mji wa serikali. Wakati wa Bunge, Dodoma ikijaa V8 nyeupe, utaona kwamba hata wenye uwezo wa kununua chochote wamechagua Toyota. Wao spea haziwahusu, bado wamechagua Toyota. Mimi nimeliona hilo na bado nina Polo, kwa hiyo usinitegemee kwa hekima.

Kulipa na makaratasi

Muuzaji akutumie ankara, na jina la mpokeaji kwenye BL (hati ya meli ya kupokelea mzigo) lifanane herufi kwa herufi na la kwenye TIN. Mimi nilitoa majina mawili, NIDA ina matatu. Kurekebisha BL baada ya meli kuondoka kuna ada, na kuna siku nne za kuandikiana na mtu anayejibu saa za kwao.

Waombe teleksi rilizi, yaani BL inaachiliwa kwa mtandao bila karatasi halisi. Sikujua. Karatasi zangu zilitumwa kwa kampuni ya vifurushi hadi Dodoma, kwa sababu ndiyo anwani niliyoandika, kisha nikazirudisha Dar kwa basi kwa wakala. Zilisafiri kuliko mimi.

Ukaguzi wa ubora ni wa TBS, kwa kufuata kiwango chao kinachoitwa TZS 698 (ni jina la kiwango, siyo shilingi). Mahali unapofanyika pamehama: kuna wakati ulifanyika gari ilikotoka, mwaka 2021 ukaletwa Dar, na baadaye kwa baadhi ya nchi ukarudishwa huko huko. Uliza TBS wenyewe kuhusu Uingereza wiki hiyo unayolipa, na usikubali jibu la mtu aliyeagiza mwaka juzi, mimi nikiwemo.

Bandarini

Usisubiri meli ifunge gati. Nyaraka za forodha zinaweza kuingizwa kwenye mfumo kabla haijafika. Wakala wangu alilijua hilo, alinieleza hilo, na hakulifanya. Meli imefika Ijumaa, yeye kaanza Jumatano, na kila nikipiga: "Kaka, mfumo unasumbua." Siku za bure zikaisha, storeji ikaanza kuhesabu. Jumanne iliyofuata nikapanda SGR asubuhi, kabla ya mchana niko mezani kwake, na mfumo ukapona palepale.

Kwa hiyo mwandikie wakala mapema, kwa ujumbe ulioandikwa, mambo matatu: tarehe ya kuingiza nyaraka, ada yake ikiwa jumla, na kwamba kila malipo ya serikali utalipa mwenyewe kwa kumbukumbu namba yenye jina lako. Akikuambia umtumie yeye "ili iende haraka", ongeza siku moja, lipa mwenyewe.

Kabla ya kusaini, zunguka gari na picha za muuzaji mkononi. Yangu ilikosa tairi la akiba, jeki na redio. Nati za kuzuia wizi wa magurudumu zina kichwa chake maalumu, kidude kama kidole gumba. Kikipotea, siku ya pancha utalia. Nilikikuta ndani ya soksi, chini ya zulia la nyuma. Aliyekificha alikuwa ananijali.

Usajili, bima, barabara

Usajili ni wa TRA na ulikuwa mwepesi kuliko yote: kadi, kibao cha njano, namba E. Bima kata kabla ya kutoa gari getini na uihakiki kwenye mfumo wa TIRA palepale, ukiwa bado unamwona aliyekuuzia.

Njiani hadi Dodoma ni kama kilomita 450. Spidi kwenye makazi ni 50, na kipimo cha ndani kinasoma maili kwa maandishi makubwa, kilomita kwa madogo. Nilisahau hilo Gairo. Mshale uko kwenye 50, moyo mweupe, kumbe natembea 80. Afande wa tochi alinionyesha picha, akacheka, akaandika. Bandika kipande cha karatasi ya rangi kwenye 30. Hapo ndipo hamsini yetu ilipo.

Matuta ya Kibaigwa yapande kwa mshazari. Ukifika, badilisha oili na kichujio cha hewa hata kama muuzaji amesema vimebadilishwa. Changu nilikipiga chini mara mbili, yakatoka majani makavu ya huko. Kipya hakikupatikana mjini. Kimetoka Kariakoo kwa basi la usiku, na mhudumu amesema nikipokee stendi ya Nanenane saa kumi na mbili asubuhi, nisichelewe.