Kabla hujakanyaga kidau

Wanaokwenda ziwani hapa Mwanza hujiandaa vizuri kwa safari: mafuta, chakula, turubai, nyavu. Ila kile kipande kifupi, kutoka mwaloni hadi boti ilipotia nanga, wanakichukulia kama kuvuka uchochoro. Mimi ndicho ninachokihofia zaidi. Boti ina uzito wake na inatulia. Kidau ni mbao chache zilizobebeshwa watu wanne, dumu la petroli na boksi la barafu, na kila mmoja anaona ameshafika. Tena kuwa karibu na nchi kavu hakumkingi mtu: MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imeshakaribia gati la Bwisya, Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafa.

Kabla ya yote, jua upepo unatoka wapi. Kwa kawaida usiku hadi asubuhi hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likishapasha ardhi hugeuka, mchana ukatoka ziwani kuja kwetu. Asubuhi, basi, kasia likikuponyoka unasukumwa nje, na mbele yako kuna ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Mchana unarudishwa kwenye mawe. Hivyo kidau kiwe na kasia la akiba na nanga ndogo, kamba yake imeshafungwa kwenye kidau, si iliyoviringwa tu chini ya ubao. Kasia likienda, dondosha nanga kwanza, kisha ndiyo mjadiliane la kufanya. Radi za ziwa hili hupenda usiku wa manane kuelekea asubuhi. Kukipambazuka na wingu zito bado liko juu ya maji, kunywa chai kwanza.

Mawe yetu ni mazuri kwenye picha. Chini ya maji yana utelezi wa kijani, na mguu ukinasa kati ya mawili wimbi halikusubiri. Ziwa halina maji kupwa na kujaa ya kuonekana kama Dar es Salaam, lakini kina chake hupanda na kushuka. Mwaka 2020 kilifika kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na sehemu nyingi za kushukia zikamezwa. Jiwe ulilozoea kukanyaga mwaka jana lipime kwa kasia kabla ya kulipa mguu wako.

Kuna na kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi, hasa penye majani, na huwa vingi zaidi jua likiwa kali. Usisimame kwenye matete kusubiri wenzako. Gambuti zinasaidia maji yakiwa ya kifundoni, ila zivue kabla ya kupanda: ukianguka zimejaa maji, utaogelea kwa shida. Kama umeshalowa mara nyingi, nenda kapime; dawa ya prazikwanteli ipo.

Jaketi la kuokolea livae ukiwa bado ufukweni. Kulikalia kama mto si kulivaa, hata kama nahodha naye amelikalia. Mzigo mzito ukae chini, katikati. Panda mmoja mmoja, ukanyage katikati ya kidau na si ukingoni, ukiwa umeinama, na ukishakaa usihame hata kama mwenzako anakupungia mkono mupige picha. Kopo la kukumbia maji lifungwe kwa kamba, maana likielea limekwenda.

Boti iliyotia nanga kwa mbele huelekeza uso wake kwenye upepo. Isogelee kwa nyuma, mkipiga kasia dhidi ya upepo, ubavuni mwake. Ukitokea upande wa juu, upepo unakusukumia chini ya pua yake, na pua hiyo inapanda na kushuka na wimbi. Injini ya boti iwe imezimwa. Vidole visikae kati ya kidau na boti, hapo ndipo panapovunja watu. Kamba ya kidau ifungwe kwanza, mtu mmoja apande, apokee mizigo, ndipo wengine wafuate.

Kurudi ndiko kunakoponza: giza, uchovu, na bia za huko botini. Tochi iwe ya kichwani ili mikono yote ibaki na kasia, filimbi iwe shingoni, simu iwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa fundo. Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mwachie mtu nchi kavu jina la mwalo na saa mnayotarajia kurudi, awe mtu atakayekumbuka kweli.

Mkifika, kivuteni kidau juu kabisa, mkipindue, mkifunge kwenye jiwe au mti. Makasia nenda nayo nyumbani. Vijana wa mwaloni hawaibi, wanaazima tu, lakini kesho asubuhi utazunguka Kirumba nzima ukiyatafuta.