Gunia la karafuu na kitenzi cha Kiingereza

Wanafunzi wetu wa Pemba wanaojiandaa kwa mtihani wa Kiingereza hupoteza alama za bure katika swali kama hili: "The sack of cloves ___ wet". Wengi hujaza "are", kwa sababu neno lililo jirani na pengo ni la wingi. Ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja wao ambaye, mvua ikimkuta hajaanua, angesema "gunia la karafuu zimerowa". Angesema "limerowa", kwa kuwa sikio lake linajua tangu utotoni kwamba kitenzi hufuata gunia, si karafuu. Basi kabla ya kujibu, isome sentensi kwa Kiswahili, kisha uzibe kwa kidole maneno yote kuanzia "of" hadi kwenye pengo. Kitakachobaki, "the sack", kitadai "is".

Kipimo hicho, hata hivyo, kina mpaka wake. Sisi husema "mwalimu pamoja na wanafunzi wake wamefika", lakini Kiingereza cha mtihani hakihesabu kinachofuata "together with" wala "as well as", kwa hiyo jibu ni "The teacher, together with her pupils, has arrived". "News" nalo, licha ya "s" yake, ni la umoja.

Nahau hazina njia ya mkato: "it is raining cats and dogs" huhifadhiwa nzima nzima, kwani paka na mbwa hao hawamo kabisa katika maana yake, ambayo ni mvua kubwa tu.